Presha Isiyokubali Kushuka: Kuitafuta Sababu Ndani ya Figo

Malalamiko ya wagonjwa wa presha yanafanana mno popote unapoyasikia. Mmoja aliacha dawa baada ya kipimo kuwa kizuri, na sasa presha imerudi kama ilivyokuwa; mwingine anameza vidonge vya aina tatu na kipimo hakisogei; wa tatu miguu imevimba, wa nne anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, wa tano anashikwa na kizunguzungu kila anapoinuka. Mwongozo huu unayafuata malalamiko hayo moja baada ya jingine, na kwa kila moja unaanza na sababu inayokutwa mara nyingi na kuishia na ile iliyo adimu, ili msomaji atangulize ukaguzi unaowezekana nyumbani kabla ya kufikiria vipimo vya gharama. Karibu yote yanarudi kwenye kiungo ambacho wengi hawakiwazi mpaka kimeshachoka, yaani figo.

Figo inavyoamua presha ya miaka

Moyo unasukuma damu, mishipa inabana na kulegea, na mambo hayo mawili huibadilisha presha ndani ya sekunde au dakika. Ndiyo maana hupanda mtu anapogombana na kushuka anapolala. Presha ya miezi na miaka ina msimamizi mwingine. Kila siku figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Katika urejeshaji huo ndipo inapoamuliwa chumvi kiasi gani ibaki, na maji huifuata chumvi. Presha ikipanda, figo yenye afya humwaga chumvi na maji zaidi mpaka ujazo wa damu upungue na presha irudi mahali pake. Ikishuka, figo huzuia.

Mwanafiziolojia, yaani mtaalamu wa jinsi mwili unavyofanya kazi, Arthur Guyton wa Mississippi, ambaye mwaka 1972 alichapisha pamoja na wenzake mfumo mkubwa wa hesabu za mzunguko wa damu, alilisisitiza jambo hili kwa miaka mingi: presha haiwezi kukaa juu kwa muda mrefu isipokuwa kiwango ambacho figo inakihitaji ili itoe chumvi ya siku nacho kimepanda. Kama figo yako inaweza kuitoa chumvi unayokula kwa presha ya 120, presha itarudi 120. Kama inahitaji 160 ili iitoe chumvi ileile, presha itakaa kwenye 160 hata ukiwa mtulivu kama maji ya mtungini. Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka Marekani mwaka 1983, pale madaktari walipoeleza habari za wagonjwa sita ambao presha ilikuwa imeziua figo zao; walipopandikizwa figo za watu wasio na presha, nao presha zao zikawa za kawaida. Presha iliifuata figo.

Figo ina njia nyingine ya kutoa amri. Inapohisi kwamba damu inayoifikia ni kidogo, hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho Robert Tigerstedt na Per Bergman walikigundua Stockholm mwaka 1898 walipowadunga sungura maji ya figo. Renini huanzisha mfululizo unaozaa anjiotensini, nayo hubana mishipa na kuziagiza tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, zitoe aldosteroni, homoni inayoifanya figo ing'ang'anie chumvi na kupoteza potasiamu. Dawa nyingi za presha zilizo madukani hukata mnyororo huu mahali fulani, na kuujua kunasaidia kuelewa kwa nini dawa fulani inamfaa mtu huyu na inamkataa yule.

Dalili ambazo hazingoji ukaguzi wowote

Kipimo cha 180 kwa 120 au zaidi, kikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma kupita kiasi, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, degedege, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asipewe vidonge vya ziada nyumbani, wala asiwekewe kidonge chini ya ulimi kwa ushauri wa jirani. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na figo vilivyozoea presha kubwa vinaweza kukosa damu. Kipimo hichohicho kikionekana kwa mtu asiye na dalili yoyote, apumzike, apimwe tena baada ya dakika chache, na kikibaki hapo amwone mhudumu wa afya siku hiyo.

Presha ilishuka, dawa ikaachwa, presha ikarudi

Hili ndilo tatizo linalosikika kuliko yote, na chanzo chake kikubwa ni kudhani kwamba presha ni kama malaria, kwamba ukimaliza dozi umepona. Dawa ya presha haihamishi kiwango cha figo kwa kudumu. Inaisaidia figo kutoa chumvi kwa presha ndogo, au inaizuia isitoe amri za kubana mishipa, kwa muda ule tu inapokuwemo mwilini. Ni kama mtu aliyeshikilia mlango usijifunge: akiuachia, mlango unarudi ulipokuwa. Presha inaweza kurudi taratibu kwa siku au wiki kadhaa, na kwa sababu mgonjwa hasikii chochote, huamini kwamba amepona hadi siku ya kiharusi.

Ukaguzi wa kwanza, basi, ni kujiuliza kwa ukweli kama dawa ilimezwa kila siku katika wiki mbili zilizopita. Kama iliachwa kwa sababu ya bei, mwulize mfamasia dawa ileile kwa jina lake halisi badala ya jina la kibiashara, kwa kuwa tofauti ya bei huwa kubwa na kazi ni ileile. Kama iliachwa kwa sababu ya madhara, yataje madhara hayo bila haya. Kikohozi kikavu kinachokereta koo husababishwa mara nyingi na dawa za jamii ya captopril na enalapril, na daktari anaweza kuibadilisha kwa losartani, ambayo hukata mnyororo uleule mahali pengine. Wanaume wengi huacha dawa kimya kimya kwa kuhofia nguvu za kiume. Wangelisema wangebadilishiwa, na ninaamini ukimya huu umeua watu ambao hawakustahili kufa.

Wapo wachache ambao kweli wanahitaji dawa pungufu, hasa waliopunguza uzito na chumvi kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mabadiliko hayo hushusha kiwango ambacho figo inakihitaji. Hata wao wapunguziwe na daktari, hatua kwa hatua. Mtu asiache ghafla kwa uamuzi wake dawa kama atenololi au klonidini, maana mapigo ya moyo na presha vinaweza kuruka juu kuliko vilivyokuwa kabla ya kuanza matibabu.

Dawa mbili au tatu, na kipimo hakishuki

Kabla ya kuilaumu figo, kilaumu kipimo. Mgonjwa akae dakika tano akiwa ameegemea kiti, miguu yote miwili ikikanyaga chini, mkono ukiwa usawa wa moyo na umeegemezwa mezani, kibofu kikiwa kitupu, bila kuzungumza, na akiwa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Mkanda ulio mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa wiki moja, na namba zote ziandikwe, hata zile asizozipenda. Wastani wa nyumbani ukiwa chini ya 135 kwa 85 wakati kliniki inasema 150, huenda kinachoipandisha ni hofu ya koti jeupe, yaani ya kuwa mbele ya mhudumu. Kosa jingine ni kwenda kliniki bila kumeza dawa za asubuhi, kwa kuogopa kuharibu kipimo. Mhudumu huona presha ya mtu asiye na dawa na kumwongezea dozi asiyoihitaji.

Kipimo kikiwa sahihi na dawa zikiwa zinamezwa, kinachofuata kwa wingi ni chumvi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanaosema hawali chumvi wanamaanisha kwamba hawaiongezi mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa kuhesabu vyakula vyote. Sasa hesabu mchuzi uliotiwa kiungo cha pakiti chenye chumvi tayari, mkate wa asubuhi, ng'onda au papa mkavu aliyehifadhiwa kwa chumvi, achari, chipsi za jioni, tambi za pakiti, na magadi yaliyolainisha maharage au mlenda. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini yana sodiamu, na sodiamu ndiyo figo inayohangaika nayo. Vivyo hivyo vidonge vya maumivu au vitamini vinavyochemka ndani ya maji. Vingi vimetengenezwa kwa sodiamu. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika figo huishikilia sodiamu kwa nguvu zaidi na renini yao huwa ndogo, na kwa hiyo chumvi kidogo iliyozidi huonekana haraka kwenye presha. Daktari akitaka kuondoa ubishi anaweza kuagiza mkojo wa saa 24 ukusanywe na sodiamu yake ipimwe: kinachoingia mdomoni ndicho kinachotoka kule.

Chumvi mbadala yenye potasiamu inaweza kumsaidia mtu ambaye figo zake ni nzima. Onyo ni kwamba mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia captopril, enalapril, losartani au spironolaktoni, asiitumie bila kupimwa damu, kwa sababu potasiamu ikijaa inaweza kuusimamisha moyo bila kutoa taarifa.

Sababu ya tatu kwa wingi inauzwa kila duka la dawa: diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na ndugu zao. Figo hutumia kemikali ziitwazo prostaglandini kuiachia mishipa yake ipitishe damu na kutoa chumvi. Dawa hizi za maumivu huzizuia kemikali hizo, figo inashikilia chumvi, na dawa za presha zinapoteza nguvu. Mama anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti anaweza kuongezewa dawa za presha mwaka mzima bila mtu kumwuliza swali hilo moja. Weka mezani kila unachomeza, pamoja na cha mafua, cha uzazi wa mpango na cha mitishamba, kisha umwonyeshe daktari. Parasetamoli ya kawaida, ile isiyochemka, huwa chaguo salama zaidi kwa maumivu madogo.

Yote hayo yakiwa sawa, tazama kama katika dawa zako imo ya kukojoza. Dawa inayolegeza mishipa ikipewa peke yake inaweza kushusha presha kwa muda, kisha figo ikaona presha imepungua na kuanza kukusanya chumvi ili iirudishe. Hapo mgonjwa husema dawa imezoeleka mwilini, kumbe figo ndiyo iliyoijibu. Hidroklorothiazaidi hufaa wengi, ila nguvu yake hupungua sana figo zinapokuwa zimechoka, na furosemaidi inayomezwa mara moja kwa siku hufanya kazi saa chache tu, kisha figo hutumia saa zilizobaki kufidia chumvi iliyopotea. Mabadiliko haya ni ya daktari. Mtu asijinunulie dawa ya kukojoza kwa sababu jirani yake imemsaidia.

Madaktari huiita presha sugu pale mtu anapotumia dawa tatu za jamii tofauti kwa dozi kamili, moja ikiwa ya kukojoza, na bado kipimo kiko juu. Hapo ndipo vipimo vya kina vina maana: kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huiondoa) na potasiamu kwenye damu, protini na damu kwenye mkojo, altrasaundi ya figo, na uwiano wa aldosteroni na renini. Ugonjwa wa figo wenyewe ndio wa kwanza kuwaziwa, kwa sababu ni chanzo na pia ni tunda la presha: presha huharibu vichujio, vichujio vilivyobaki huhitaji presha kubwa zaidi kutoa chumvi, na mduara unajizungusha. Kisha inafuata aldosteroni iliyozidi, ambayo Jerome Conn wa Michigan aliieleza katikati ya miaka ya 1950. Dalili zake ni misuli kulegea au kukakamaa, mapigo ya moyo kurukaruka na potasiamu ndogo, ingawa wengi wenye tatizo hilo wana potasiamu ya kawaida kabisa. Spironolaktoni huizuia homoni hiyo, na utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kama dawa ya nne kwa presha sugu iliwashinda wenzake waliolinganishwa nayo.

Kukoroma sana na kukata pumzi usingizini nako hupandisha presha, na anayekujua zaidi kwa hilo ni mwenzako wa chumbani. Sababu adimu ni kubana kwa mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Harry Goldblatt wa Cleveland alilionyesha jambo hilo mwaka 1934 kwa kuibana mishipa ya figo za mbwa: figo iliyokosa damu ilidhani mwili mzima umekosa damu, na presha ikapanda na kubaki juu. Kwa binadamu lishukiwe zaidi kwa mvutaji sigara mwenye umri ambaye presha yake imeharibika ghafla, na kwa mwanamke kijana mwenye presha kali.

Miguu au uso kuvimba

Kwa anayetumia amlodipini au nifedipini, sababu ya kwanza ni dawa hiyo. Inalegeza mishipa midogo inayoleta damu kuliko ile inayoiondoa, na majimaji yanavuja kwenye vifundo. Uvimbe huongezeka jioni na kupungua asubuhi. Huu si uvimbe wa chumvi iliyojaa, na kuongeza dawa ya kukojoza hakuusaidii sana. Mwambie daktari apunguze dozi au aongeze dawa ya jamii ya losartani, ambayo mara nyingi huupunguza.

Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole kwa sekunde kumi. Shimo likibaki, jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Uzito unaopanda kilo mbili ndani ya siku tatu ni maji, na maji hayo yanatokana ama na chumvi, ama na moyo, ama na figo. Uvimbe wa figo una tabia yake: huanza na macho na uso wakati wa kuamka, na mkojo huwa na povu zito. Uvimbe unaokuja pamoja na kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi unahitaji hospitali siku hiyohiyo, na mguu mmoja unaovimba ghafla na kuuma ni jambo lingine kabisa, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na usikandwe.

Mkojo wa usiku, mkojo wenye povu, mkojo wenye damu

Anayeamka mara nyingi kukojoa kwanza aangalie saa anayomeza dawa ya kukojoza. Iliyomezwa jioni itafanya kazi usiku. Kisha kisukari kipimwe. Kwa mwanamume aliyepita miaka 50, tezi dume ndiyo inayofuata, na si kero ya usingizi peke yake, kwa sababu kibofu kisichomwagika hurudisha msukumo juu hadi kwenye figo, nazo huharibika na presha kupanda bila maumivu yoyote. Ila kuna maelezo mengine yasiyosemwa sana. Figo isiyoweza kuimaliza chumvi ya mchana huibakiza kazi hiyo usiku, na ili iimalize hulazimisha presha ibaki juu wakati ilipaswa kushuka kwa asilimia 10 hadi 20 usingizini. Mtu wa namna hiyo akipunguza chumvi ya chakula cha jioni huweza kuona nafuu chooni kabla hajaiona kwenye mashine.

Povu linalotoweka haraka ni la kasi ya mkojo tu. Linalobaki kama la sabuni, siku baada ya siku, ni alama ya protini inayovuja kwenye vichujio, na kijikaratasi cha kupimia mkojo, ambacho hata vituo vidogo vya afya huwa nacho, kinatosha kuanzia. Mwenye kisukari asingoje povu; apimwe kila mwaka.

Damu kwenye mkojo mwishoni mwa kukojoa, kwa mtu aliyekulia Unguja, Pemba au kwenye vijiji vyenye mabwawa na mito yenye konokono, mara nyingi ni kichocho. Hutibika kwa prazikwanteli, lakini kikiachwa miaka mingi huacha makovu yanayoziba mirija inayotoka kwenye figo, na figo iliyozibwa huvimba na kufa taratibu. Damu inayotoka bila maumivu kwa mtu mwenye umri mkubwa isichukuliwe kuwa kichocho bila uchunguzi wa kibofu, kwa kuwa saratani huanza hivyohivyo.

Kizunguzungu na presha kushuka mno

Hapa sababu ya kawaida ni ukavu wa mwili kwa mtu aliye kwenye dawa. Kuharisha, kutapika, homa au jua kali huondoa maji na chumvi. Figo ilitaka kujitetea kwa renini na anjiotensini, lakini captopril au losartani imeufunga mlango huo, na dawa ya kukojoza inaendelea kumwaga. Ikiongezwa diklofenaki ya kutuliza homa, figo inabaki haina kinga hata moja, na inaweza kusimama kabisa ndani ya siku mbili tatu. Anayeharisha sana au asiyeweza kunywa amwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo na aulize ni dawa zipi zisimamishwe kwa muda na lini zirudishwe. Akikaa saa 12 bila mkojo, au mkojo ukiwa matone meusi, aende hospitali asingoje asubuhi.

Mfungo wa Ramadhani una hesabu yake. Mgonjwa wa presha iliyotulia kwa kawaida anaweza kufunga, ila mpango ufanywe kabla ya mwezi kuandama: dawa zihamishiwe futari au daku kwa maelekezo ya daktari, maji yagawanywe usiku mzima badala ya kunywewa kwa pupa, na sambusa na kachori za chumvi zipunguzwe. Mwenye figo zilizochoka au anayetumia dawa kali ya kukojoza asifunge kabla ya kusikia neno la daktari.

Kreatinini imepanda baada ya kuanza dawa

Wengi huambiwa kwamba dawa imeua figo, wakaiacha. Dawa za jamii ya captopril na losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio, msukumo ndani ya kichujio ukapungua, na kreatinini ikapanda kidogo. Kupungua kwa msukumo huo ndiko kunakoilinda figo kwa miaka ijayo. Kupanda kwa hadi asilimia 30 katika wiki za kwanza huvumiliwa. Kukizidi hapo, au potasiamu ikipita 5.5, daktari atafute ukavu wa mwili, dawa za maumivu, au mishipa ya figo iliyobana pande zote mbili. Kipimo cha damu kirudiwe wiki moja hadi mbili baada ya kuanza dawa hizi au kuongezewa dozi; kituo kisichokuagiza kipimo hicho, kiombe wewe.

Presha kwa mtoto, kijana na mjamzito

Mtoto aliyeumwa koo au kuwa na vidonda vya ngozi, kisha baada ya wiki moja hadi sita akaamka uso umevimba na mkojo una rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyo. Kinga ya mwili iliyopigana na bakteria imevigeukia vichujio vya figo, chumvi na maji vinajaa, na presha inaweza kupanda hadi degedege. Wengi hupona kabisa wakitunzwa mapema. Kijana wa chini ya miaka 30 mwenye presha kali asipewe dawa na kuachwa. Figo, mishipa yake na tezi za adrenali vichunguzwe, na aulizwe kama katika ukoo wake kuna figo zenye malengelenge ya maji.

Kwa mjamzito, captopril, enalapril na losartani haziruhusiwi, maana huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Anayezitumia akigundua ana mimba amwone daktari mara moja abadilishiwe, wala asikae bila dawa yoyote. Baada ya wiki 20, presha ya 140 kwa 90 pamoja na kuumwa kichwa, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au uso kuvimba ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na hakuna ukaguzi wa nyumbani unaofaa hapo isipokuwa safari ya kwenda hospitali. Presha hiyo mara nyingi huondoka baada ya kujifungua, lakini figo za mama huyo zimeshapata mtikisiko, na uwezekano wa presha kumrudia miaka ya mbele ni mkubwa kuliko wa wenzake. Siku anayompeleka mtoto kliniki katika wiki ya sita, na yeye aombe kupimwa presha na mkojo, hata kama anajisikia mzima.